Shikamoo, Mzee Mkwamo

Wapo waliotungiwa kasida ambao hata salamu hawakuistahili. Mimi leo namsifu mmoja aliyenyimwa sifa siku zote: Mkwamo, mzee anayekaa kwenye alama 1500 za sataranji, akiwasubiri watu wazima wenye simu na usingizi haba. Huu ni mwaka wa nne ninaishi kwake. Kodi nalipa kwa farasi.

Nasaba kwanza, maana mtu hasifiwi kabla babu yake hajatajwa. Mzee huyu hakuzaliwa kwenye sataranji. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Indiana, Marekani, William Lowe Bryan na Noble Harter waliwapima watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu. Katika tafiti walizochapisha mwaka 1897 na 1899, walieleza jinsi mwanafunzi wa kupokea ujumbe anavyopanda vizuri mwanzoni, kisha maendeleo yake yanalala chali wiki baada ya wiki, na mazoezi ni yale yale, halafu yanainuka tena. Walivyoona wao, herufi zilikuwa bado hazijamkaa kichwani kiasi cha kumwachia nafasi ya kusikia maneno mazima. Nayapenda sana maelezo haya. Yananiruhusu kulala kitaalamu.

Baba mlezi ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria mwaka 1903, aliyefundisha fizikia Milwaukee. Chama cha sataranji cha Marekani kiliupokea mfumo wake wa kuwapa wachezaji alama mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likafuata mwaka 1970. Hesabu yake ina adabu: ukicheza na aliye sawa nawe unatarajiwa kupata nusu ya pointi; ukimzidi kwa alama 200, robo tatu hivi. Ukipata zaidi ya matarajio unapandishwa, na utaendelea kupandishwa mpaka ukutane na watu wanaokuweza. Yaani kila mchezaji hutafutiwa kwa subira kiti ambacho akikikalia atashindwa mara moja kwa kila mara anaposhinda. Changu kimepatikana mapema. Elo mwenyewe alifananisha kumpima mchezaji na kupima kizibo kinachoelea, kinapanda na kushuka juu ya maji, huku fimbo ya kupimia imefungwa kwenye kamba inayoyumba kwa upepo. Wavuvi wa soko la samaki la Feri wangemwelewa upesi.

Sasa sifa zake. Ya kwanza ni uaminifu. Marafiki wamehama, mwenye nyumba kapandisha kodi, ila Mkwamo hajaniacha. Usiku mmoja wa Ramadhani nilishinda michezo sita mfululizo nikafika 1561. Mikono ilitetemeka. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwenye kundi la familia, ambako shangazi alijibu "Mashallah" bila kujua ni ya nini. Mtu mwenye akili angezima simu akale daku. Nikacheza wa saba, nikapoteza. Nikacheza wa nane ili kulipiza wa saba, na wa tisa ili kulipiza wa nane, michezo ya dakika tatu tatu, kila mmoja nikiwa na hasira kuliko uliopita. Adhana ya alfajiri ilinikuta 1488, Mzee kanishika mkono kama mzazi aliyemkuta mtoto sokoni.

Tena ni mkarimu. Alama hazipotei hewani: ninazopoteza huenda kwa aliyenifunga. Kwa miaka minne nimewalisha vijana wa Manila, wastaafu wa Ujerumani, na mmoja wa Mombasa aliyeniandikia "pole kaka" kabla sijamaliza kuona nimekufa vipi. Nani mwingine hutoa sadaka saa saba usiku, bila kutangaza, kwa watu asiowajua?

Usisahau elimu. Bila Mkwamo nisingejua hatua kumi na tano za Najdorf, ufunguzi uliopewa jina la Miguel Najdorf wa Argentina. Nimezikariri kwa rangi tatu za kalamu. Wapinzani wangu, kwa kukosa malezi, huuacha ufunguzi huo kwenye hatua ya tatu na kuleta malkia mapema, nami hubaki na hatua kumi na mbili mfukoni kama fedha za nchi iliyobadilisha noti. Kumalizia mchezo wa ngome na askari mmoja sijajifunza. Kitabu ninacho. Kipo chini ya feni, kinazuia isitikisike.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha jaribio linalonifariji. Bingwa huitazama meza ya mchezo halisi kwa sekunde tano, kisha huzirudisha kete nyingi mahali pake. Mchezaji wa kawaida huzirudisha chache tu. Lakini kete zikitawanywa ovyo, bingwa naye hupoteza karibu ubora wake wote. Nimezikagua meza zangu za katikati ya mchezo na nina imani hakuna bingwa duniani ambaye angezikumbuka.

Walijaribu hata kumwondoa Mzee kwa sheria. Machi 2024 FIDE iliwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000: kila mmoja aliongezewa asilimia 40 ya pengo lake mpaka hapo. Aliyelala na 1500 aliamka na 1700. Wa 1600 aliamka na 1760. Shangwe! Kisha watu wakatazamana. Kijiji kizima kimehamia ghorofa ya juu, majirani ni wale wale, wamesogeleana tu kidogo, na Mkwamo tayari amekwishatandika mkeka sebuleni.

Ana maadui, bila shaka. Mmoja ni mpwa wangu wa miaka kumi na moja, aliyepita 1500 kama basi la mwendokasi lisilosimama kituoni, hata kunipungia mkono hakunipungia. Nilimuuliza siri yake. "Mjomba, mimi naangalia yeye anataka nini, ndiyo nacheza." Nikamwambia ni mdogo, hajui mambo. Adui wa pili ni daftari. Mwezi uliopita nilianza kuandika, kwa kila mchezo niliopoteza, sababu kwa maneno yangu kabla ya kuiuliza kompyuta. Nilitazamia mambo mazito: udhaifu wa miraba myeusi, mkakati, labda hatima. Ukurasa wa kwanza: "Sikuona farasi wake." Wa pili: "Farasi tena." Wa tano nimeandika "F" tu, kuokoa wino. Nililifunga kwa heshima ya Mzee. Mgeni hachunguzi jiko la mwenyeji.

Leo nipo 1499. Mpwa amekuja kula wali wa nazi na anachungulia begani kwangu. Nimebakiza dakika nne, mpinzani dakika moja, nami nimemzidi ngome nzima. Kidole changu kiko juu ya malkia, ameshaanza kunyanyuka.

"Mjomba," anasema taratibu, mdomo umejaa wali.