Sifa za Mkeka Uliochanwa na Timu Moja

Ushindi una waimbaji wake, na kushindwa kuna waombolezaji wake. Ni aibu kwa watu tunaobeti kuanzia Kariakoo hadi Kigoma kwamba hajasimama hata mmoja kumsifu huyu wa katikati, aliye bora kuliko hao wawili: mkeka wa mechi 10 uliotiki tisa, ukachanwa na moja. Basi nasimama mimi, maana umenisumbua kiasi cha kustahili hotuba.

Sifa zake ndogondogo tuzipitie haraka. Hufundisha jiografia: Mbagala kuna vijana wanaojua msimamo wa ligi ya pili ya Finland lakini ukiwauliza Katavi iko wapi wanakutazama tu. Hufundisha dua, tena za dini zote kwa pamoja, kuanzia dakika ya 85. Hupatanisha mahasimu, maana nimemwona kwa macho yangu shabiki wa Yanga akiiombea Simba bao. Yatosha.

Sifa yake kuu ni kwamba mkeka uliokosa kidogo ni mali isiyokopeka.

Mtazame aliyeshinda. Kabla pesa haijaingia kwenye simu, kodi ya ushindi imeshakatwa. Kinachobaki kinapokewa na umati. Shemeji ana ada ya mtoto. Kamati ya harusi imeshamwandikia ahadi asiyoitoa. Mama mkubwa kijijini amekumbuka kwamba bati zinavuja, na zimekuwa zikivuja tangu enzi za Mwinyi. Jumatatu jioni mshindi amebaki na viatu vipya na ndugu walionuna.

Sasa mtazame aliyekosa kwa mechi moja. Milioni nne zake ziko salama kabisa. Hakuna wa kuzipigia simu usiku, hakuna wa kuzisikia akaumwa ghafla. Akiwa amesimama kwenye daladala anazijengea nyumba Kigamboni. Akifika Tazara ameshaivunja, anaijenga upya na kuongeza uzio. Tena zinazaa. Mwezi Machi zilikuwa milioni nne, kufikia Idi zikawa saba, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayemwuliza hizo tatu zimetoka wapi. Mkewe hawezi kumdai, kwa sababu hazikuwahi kufika nyumbani. Wala hawezi kumwita maskini, kwa sababu kila mtu mtaani anajua alivyozikaribia. Na siku akifumba macho, watoto hawatapelekana mahakamani: kila mmoja atarithi zote, pamoja na ile kona ya dakika ya 93 iliyozipoteza. Nionyesheni shamba la minazi linalorithiwa na watoto sita, kila mmoja akachukua zima.

Tusidhani heshima hii ilianza na simu za mkononi. Ina nasaba ya kifalme. Tarehe 24 Machi 1956, kwenye uwanja wa Aintree mjini Liverpool, farasi aitwaye Devon Loch, mali ya mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa anaongoza mbio za Grand National peke yake. Viunzi vyote alikuwa ameshavivuka, na mstari wa mwisho ulikuwa mbele yake umbali wa mita zisizofika 50. Ghafla akaruka, kama aliyeona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, miguu ikatawanyika, akalalia tumbo. Farasi aitwaye E.S.B. akampita, akachukua kombe. Nani leo anamtaja E.S.B.? Mpandaji wa Devon Loch, Dick Francis, aliacha kupanda mwaka uliofuata, akaandika kitabu cha maisha yake, kisha riwaya za upelelezi zaidi ya 40, nyingi zikiwa za dunia ileile ya farasi, akawa na jina kubwa kuliko alilowahi kuwa nalo juu ya tandiko. Hiyo ndiyo tija ya kukosa kidogo. Waliomwekea Devon Loch fedha zao hawakuandika riwaya. Walirudi nyumbani kwa treni.

Siku hizi hata farasi mwenyewe hahitajiki. Ingia duka lolote la kubeti mjini utawakuta kwenye skrini farasi wa kompyuta, mbio mpya kila baada ya dakika chache, hawali majani wala hawaumwi miguu. Jirani yangu kwenye benchi, kijana mwenye ovaroli ya gereji, alikuwa ameikunja tiketi yake, ile karatasi laini inayofifia ukiishika kwa jasho, mpaka imekuwa ndogo kama kidole gumba. Farasi wake akapitwa mstarini. Aligeuka uso umemeremeta. “Umeona, braza? Pua! Pua tu!” Kisha akaenda dirishani kuweka tena. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba farasi yule hana pua. Nani atatangulia huamuliwa na programu. Mbio tunazoziona ni picha ya kusindikizia uamuzi huo.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoanza kunikwama kooni. Kila aliyechaniwa mkeka na timu moja anaamini ni mkosi wake binafsi, na wengine wameshamtaja jirani kwa uchawi. Hebu tupige hesabu. Mechi 10, kila moja ina odds ya 1.50. Tumfanyie kampuni wema tuseme haikujiwekea faida humo: maana yake kila timu ina nafasi mbili katika tatu. Mkeka wote kutiki ni takriban mara 1 katika 58. Kuchanwa na mechi moja tu ni takriban mara 5 katika 58. Kwa kila mkeka unaolipwa, basi, kuna mitano ya kulia “moja tu!” Ongeza mechi mbili, ziwe 12, wanaolia wanakuwa sita kwa mmoja. Na kampuni haitufanyii wema huo: faida yake imo ndani ya kila odds, na hujizidisha kwa kila mechi unayoongeza. Halafu tunashangaa kwa nini mikeka mirefu ndiyo inayopewa bonasi.

Wataalamu wameshatuchungulia hadi kichwani. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti katika jarida la Neuron: watu walichezeshwa mashine ya picha zinazozunguka huku ubongo wao ukipimwa. Picha zilipokaribia kulingana zikakosana, sehemu za ubongo zinazochangamkia ushindi zilichangamka, ingawa hapakuwa na senti iliyopatikana. Na pale mchezaji alipojichagulia picha mwenyewe, kukosa kidogo kulimuudhi, lakini kukamwongezea hamu ya kuendelea. Jirani yangu wa ovaroli aliyajua haya bila mashine.

Kwa hiyo niruhusuni nivue joho la msifu kidogo. Nimechoka. Fundi bomba ameacha koki wazi jikoni kwangu, maji yamefika sebuleni, kwa sababu timu yake huko Uturuki imepata penalti. Bodaboda ananipeleka hospitali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika matokeo. Ukifungua redio usikilize habari za mpira, mchambuzi anamaliza sentensi kwa odds, kana kwamba Mungu aliumba mabeki wa kushoto ili sisi tuweke mia tano. Na asubuhi baada ya kuchaniwa, kampuni moja, jina nalihifadhi, hunitumia ujumbe wa pole wenye ofa ndani yake. Pole gani hiyo inayoletwa na aliyekula?

Wala si kampuni peke yake. Mwaka 2017 Simba na Yanga, zisizokubaliana hata rangi ya jua, zilivaa kifuani jina moja, la kampuni ya kubeti ya SportPesa, na mwezi Julai mwaka huohuo Everton yenye jina hilohilo kifuani ikaja Dar es Salaam kuifunga Gor Mahia 2-1. Tulishangilia bao la Rooney. Kenya nayo iligundua kwamba hakuna haja ya kumsubiri mshindi: ushuru ukawekwa kwenye dau lenyewe, na mwaka 2023 ukapandishwa kutoka 7.5% hadi 12.5%, ili aliyekosa kwa pua naye achangie ujenzi wa taifa.

Siombi maduka yafungwe. Najua watu wangehamia simu. Ombi langu kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni dogo. Kila tiketi ya mechi nyingi ichapwe namba mbili: nafasi ya kutiki yote, na nafasi ya kuchanwa na moja. Mashine inayokokotoa ushindi wako kabla hujatoa hela mfukoni haiwezi kushindwa na mistari miwili. Na karatasi haitajaa. Pale chini, walipoandika “Kila la heri”, panatosha.