Taa za Nyuma za Landrova ya Babu

Kabla hujashika bisibisi, Mangi, fungua kwanza kile kitambaa chekundu ulichofunga nyuma ya bodi. Kitambaa hakiwaki. Bandua na ule mkanda wa taa za buluu aliokuwekea kijana wa mjini. Landrova 109 iliyoshusha kahawa ya ushirika kutoka Kibosho hadi Moshi haikuundwa iwe ukumbi wa disko. Anayekufuata kwenye ukungu wa Umbwe wakati wa masika anataka kujua mambo mawili: uko wapi, na unakwenda au unasimama.

Kwa hiyo nyuma ni nyekundu. Nyeupe ni ya rivasi. Ukiiacha iwake huku unapanda mlima, wa nyuma yako ataamini unamrudia, na akikimbilia mgombani usimcheke. Indiketa ni rangi ya chungwa. Nenda duka la spea na taa ya zamani mkononi, ununue jozi. Kushoto ya Landrova na kulia ya Hiace ni gari mbili barabarani, na wewe una leseni ya moja.

Balbu ya taa nyekundu ina nyuzi mbili: wati 5 za kuonekana usiku, wati 21 za breki. Vile vipini viwili ubavuni mwake haviko kimo kimoja, na si kasoro: viliwekwa hivyo makusudi ili balbu isiingie kinyume. Wapo mafundi wanaokisaga kipini kimoja ili iingie vyovyote. Wanyang'anye tupa. Balbu ikikaa kinyume, gari litaonekana limeshika breki usiku kucha, na siku utakayoikanyaga kweli hakuna atakayejua.

Waya zilitoka Uingereza na rangi zake: nyekundu ni taa ya usiku; kijani yenye mstari wa zambarau ni breki; kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto; kijani yenye mstari mweupe ni ya kulia; nyeusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Gari lililopita mikono ya mafundi watatu lina pia waya za redio humo ndani. Tumia testa.

Sasa ethi, maana hapa ndipo Landrova nyingi za mlimani huugulia. Bodi ni alumini, chesi ni chuma, na mvua ya Kibosho haina haraka ya kukatika. Metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu zinalana, na umeme unakosa njia ya kurudi kwenye betri. Haukai kimya, unatafuta njia kupitia balbu ya jirani. Ndiyo maana ukikanyaga breki indiketa inawaka kwa unyonge, na ukiwasha indiketa taa nyekundu inacheza. Fundi atakuambia, "Mangi, si zinawaka? Lete hela." Usimpe. Mwambie avute waya mweusi kutoka kila taa hadi kwenye chesi, pale atakapokuwa amepiga msasa mpaka chuma king'ae, akaze nati, apake grisi juu. Waya mita chache tu, na ugonjwa wa miaka umekwisha.

Ukitaka balbu za LED, jua kwamba nyingi za Landrova za kabla ya mwaka 1967 ethi yake ni chanya. Balbu ya kawaida haijali. LED nyingi hazitawaka. Tena flesha ya zamani ya indiketa hupimia wati za balbu, ikikuta LED inachanganyikiwa. Bakiza za kawaida.

Jaribu usiku, jirani amesimama mbali nyuma ya gari, aseme kwa sauti anachokiona, si anachodhani unataka kusikia. Kisha rudia ukiwa umepakia majani ya ng'ombe kutoka tambarare, maana mzigo huo huning'inia ukafunika taa zote ulizozihangaikia. Desemba, watu wa Dar wakipanda na magari yao ya mwendo kuja Krismasi, wewe ndiye mzito mbele yao. Funga majani kwa kamba, na yanayozidi bodi yakate.