Jinsi ya Kukata Shamba Bila Kumkata Jirani

Una ekari tano Kibaha na hesabu umeshapiga. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo tano ni 20,235; ukigawa kwa mita ishirini kwa ishirini unapata viwanja hamsini na chenji. Chana karatasi hiyo. Ina viwanja hamsini na haina barabara hata moja. Wanunuzi wako watapita wapi, juu ya mapaa?

Kabla ya kumpelekea afisa mipango miji wa halmashauri mchoro wowote, lizunguke shamba kwa miguu pamoja na majirani na viongozi wa mtaa. Majirani wote, hata yule mliyenuniana tangu mbuzi wake ale mihogo yako. Huyo ndiye anayekumbuka mpaka ulipopita, na sahihi yake ni ya kutafutwa mapema kuliko zote. Mpaka ulioonyeshwa jirani akiwa hayupo ni kesi inayosubiri tarehe.

Kisha chora kilichopo, unachokitaka kitafuata. Weka nyumba, makaburi, kisima, nguzo za umeme, njia ya watoto wa shule. Weka na korongo. Kiangazi litajifanya bonde la kulishia ng'ombe, masika litakuja kudai njia yake likiwa na sebule ya mtu mkononi. Kama ni mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Barabara kuu nayo ina hifadhi yake: mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Usiziuze hizo, si zako.

Namba za GPS ya simu ziogope. Simu husoma kwa mfumo wa WGS 84, ilhali ramani nyingi za upimaji nchini zimejengwa juu ya Arc 1960. Ukizichanganya bila kuzibadilisha, shamba lako litahama takriban mita 300 bila kukodi hata kirikuu. Mwachie mpimaji aliyesajiliwa kazi hiyo.

Kwenye mchoro onyesha kaskazini, skeli, tarehe, majina ya wanaopakana nawe, na mahali barabara zako zinapoungana na zile za jirani. Ambatanisha nakala za nyaraka za umiliki. Na eneo la wazi lisiwe kile kipande kilichokushinda kuuza. Watoto watacheza hapo, kwa hiyo liweke pakavu, panapofikika.

Mstari wa penseli hufutwa kwa raba. Bikoni zikishapandwa, kila badiliko ni malipo mapya kwa mpimaji na safari mpya ya halmashauri. Kwa hiyo nakusihi, usipokee hata shilingi ya mnunuzi kabla mchoro haujaidhinishwa.