Fundi Kaniuliza Kilo Zangu
Safu ya Mjomba Shokapu, mshauri wa waendesha motokrosi na waliofunga nao ndoa

*Mjomba, shikamoo. Nina miaka 34, nina pikipiki ya motokrosi ya cc 450, nafanya mazoezi Jamhuri hapa Nairobi. Nyuma inanirusha kama punda aliyeumwa na nyigu. Nikaenda kwa fundi wa shokapu anayesifiwa sana. Hata pikipiki hajaigusa, akaniuliza mbele za watu: "Una kilo ngapi?" Nikamwambia 78. Akanitazama kuanzia viatu hadi utosi, akaingia ndani, akatoka na mizani ya bafuni akaiweka miguuni pangu. Mjomba, niliwasha gari nikaondoka. Mtu huyu ana adabu kweli?* – Niliyeaibishwa, Nairobi

Marahaba, mpwa wangu. Rudi ukamwombe radhi, na uende umevaa buti.

Umemkimbia fundi wa kwanza aliyekupenda. Springi haina macho. Haijui kwamba wewe ni mtu mwenye heshima zako mtaani, inajua kilo tu. Pikipiki kama yako hutoka kiwandani na springi zilizokadiriwa kwa mtu wa kilo 75 hadi 85 hivi. Wewe umetaja 78, lakini hukutaja kofia, buti, kinga ya kifua, magoti na lile begi la maji mgongoni. Hivyo peke yake vinakaribia kilo 10. Tena mimi ni mtu mzima, najua wanaume tunavyohesabu. Hizo 78 ni za mwaka uliooa.

Kabla hujarudi kwake, tafuta tepu ya seremala na rafiki asiyecheka ovyo. Inueni pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, mpime kutoka kwenye ekseli kwenda juu mpaka alama mtakayoitia kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 620. Ishusheni isimame yenyewe, mtu aishike tu isianguke, mpime tena: 585. Maana yake imebonyea 35 kwa uzito wake. Sasa vaa kila kitu, panda, usimame juu ya vikanyagio, rafiki apime mara ya tatu. Akipata 515, jumla imebonyea 105, na hapo uko pazuri. Gurudumu la nyuma lina safari ya milimita 300 hivi, na mafundi wengi hutaka theluthi yake, 100 hadi 105, iliwe na mtu akishapanda. Bila mtu, 30 hadi 40 inatosha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wazito wenzako wanapoangamia. Mzito akikuta imebonyea sana, anakaza nati iliyo juu ya springi mpaka aipate 105 yake. Anafurahi, anapiga picha. Lakini mwambie ashuke, upime tena pikipiki ikiwa peke yake, utakuta imebonyea 15 tu. Asiyejua atasema springi hii ni ngumu mno. Kumbe ni laini mno! Imebanwa sana kabla ya kuanza kazi, ndiyo maana inaisukuma juu pikipiki isiyo na mtu, na ndiyo maana ukitoka kwenye tuta inakutupa. Punda wako ndiye huyo. Dawa yake ni springi ngumu zaidi isiyokazwa sana, na dawa hiyo haiandikwi bila mizani. Fundi anayepima mara moja tu, wewe ukiwa juu, hajapima kitu.

*Mjomba, wangu mimi ni hodari lakini bubu. Nikimuuliza amebadilisha nini ndani ya shokapu anatabasamu, anasema "siri ya kazi". Pikipiki iko vizuri kiasi, lakini moyo hautulii. Nimwache?* – Mwenye mashaka, Arusha

Mwache, lakini kwanza mdai vyuma vyako.

Ndani ya shokapu, mpwa, kuna mrundiko wa visahani vya chuma vinavyoziba matundu ya mafuta. Gurudumu likigonga tuta, mafuta yanasukumwa, visahani vinajikunja kidogo kuyapisha, vinarudi. Kazi yote ya fundi, ile anayoiita siri, ni kuchagua visahani vingapi, vya upana gani na unene gani. Vingi vina milimita 0.10, 0.15 au 0.20, kimoja ukikishika kati ya vidole unaweza kudhani ni karatasi ya sigara. Lakini hesabu yake haina huruma. Ukitoa cha 0.10 ukaweka cha 0.20 chenye upana uleule, ugumu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nane, kwa sababu unene huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Sasa mtu amecheza na hesabu ya namna hiyo chini ya makalio yako, halafu anatabasamu?

Fundi wa kweli anakuandikia karatasi: kulikuwa na nini, nimeweka nini, mafuta gani na kiasi gani, skrubu za nje zimefunguliwa tiki ngapi kuanzia zilipofungwa kabisa. Visahani vya zamani anakurudishia kwenye kimfuko, vikiwa vimetungwa kwenye waya kwa mpangilio vilivyotoka. Akifa kesho, au mkikosana, fundi mwingine ataanzia hapo.

Yalinikuta mwenyewe ujanani. Fundi mmoja, simtaji, alinirudishia shokapu ya nyuma inang'aa kama sufuria ya harusi. Mzunguko wa kwanza, raha tupu. Wa pili, nyuma ikaanza kulegea. Wa tatu nilikuwa nimekalia godoro. Shokapu ya nyuma ina chumba cha naitrojeni kinachoyabana mafuta yasitoe povu yakipata moto, na shinikizo lake ni kama bar 10. Bwana yule hakuwa na mtungi wa naitrojeni. Alikwenda kituo cha mafuta akajaza upepo wa matairi, kiasi pampu ilichoweza. Nilipomuuliza, nadhani unajua alinijibu nini. Siri ya kazi.

*Mjomba, natokea Kilifi. Shokapu za mbele nimetengenezewa huku kwetu, laini kama halua. Nikapanda nazo Nairobi kushindana, zikawa ngumu kama mbao. Nikarudi Pwani, siku mbili tu, halua tena. Wenzangu wanasema nimefanyiwa kitu.* – Nimerogwa, Kilifi

Hujarogwa, umepanda mlima. Hewa uliyofungia ndani ya shokapu huko ufukweni ilikuwa na shinikizo la ufukweni. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo ile ya ndani inajiona ina nguvu kuliko kila mtu, kama mgeni wa mjini. Ukifika, iweke pikipiki kwenye stendi gurudumu la mbele likiwa hewani, ulegeze kile kiskrubu kidogo kilicho juu ya kila shokapu. Utasikia *fsss*. Kaza. Basi. Kama zako ni zile zinazotumia upepo badala ya springi, usiguse skrubu bila kusoma kitabu chake. Upime kwa pampu yake ulipofika, si ulipotoka.

Fundi wako wa Kilifi hana kosa, ila moja: alipaswa kukuuliza unakwenda kushindana wapi.

*Mjomba, nimechagua fundi kwa kuangalia stika. Ana za mabingwa ukuta mzima. Akaniwekea vipimo vilevile vya bingwa wa dunia, na mimi kwa kuwa ni mtu wa spidi nikakaza na ile skrubu ya spidi kubwa. Sasa kila baada ya dakika tano mikono inajaa, vidole havifiki kwenye breki. Nifanye mazoezi gani ya mikono?* – Spidi Namba Moja, Mombasa

Fanya mazoezi ya kuuliza maswali.

Bingwa wa dunia anatua kutoka kimo cha nyumba, anaingia kwenye matuta kwa kasi ambayo mimi na wewe tungefumba macho. Pikipiki yake ni ngumu hivi kwamba ukiibonyeza kwa mikono miwili utadhani imeshika kutu. Kwa mwendo wake matuta yanaifanya ilainike; kwa mwendo wako yanapita moja kwa moja mpaka kwenye viwiko. Kukopa vipimo vyake ni kuvaa miwani ya jirani kwa sababu jirani ana digrii.

Na hiyo "spidi kubwa", mpwa wangu, si ya kwako. Ni spidi ya chuma kinachoingia ndani ya shokapu. Unaweza kwenda kilomita 60 kwa saa, ukaruka, ukatua vizuri kwenye mteremko, chuma kikaingia taratibu. Unaweza pia kwenda kwa mwendo wa kutoka sokoni, ukagonga ukingo wa shimo, chuma kikaingia kama risasi. Skrubu ile inahusika na hilo la pili. Irudishe ilipokuwa.

Kuhusu stika, ngoja nikuambie. Mbelgiji Lucien Tilkens alipobuni mfumo wa shokapu moja ya nyuma mahali pa mbili, Suzuki hawakuutaka. Yamaha wakauchukua, na 1973 Mswidi Håkan Andersson akatwaa nao ubingwa wa dunia wa cc 250. Mwaka 1978 ubingwa huohuo ukaenda kwa Gennady Moiseev wa Umoja wa Kisovieti, juu ya KTM yenye shokapu za Kenth Öhlin, Mswidi aliyekuwa mwendesha motokrosi mwenyewe na ambaye kampuni yake ilikuwa na miaka miwili tu. Kama Andersson na Moiseev wangechagua kwa stika, wasingewafikia watu hao. Fundi wako ukutani ana picha za nani anayeendesha unapoendesha wewe, mwenye umri wako na kitambi chako? Huyo ndiye umpigie simu.

*Kaka, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 10, anaendesha cc 65, tunashindana Busiika, Uganda. Wazazi wenzangu wanapeleka shokapu za watoto Ulaya, zinarudi na rangi ya dhahabu. Mimi sina uwezo huo na naona namnyima mtoto.* – Mama mwenye wasiwasi, Kampala

Nzuri, dada yangu. Humnyimi chochote. Mtoto wa miaka 10 anaongezeka kilo bila kumwambia mtu. Shokapu ikienda Ulaya na kurudi, itamkuta mtoto mwingine. Mpime kila muhula, siku ileile unayompima sare za shule. Akiongezeka, badilisha springi, na hiyo haihitaji kuvuka bahari.

Pesa nyingine itie kwenye mafuta. Mwombe fundi afungue shokapu mbele yako, amwage mafuta kwenye beseni jeupe. Yakitoka ya kijivu yenye kumetameta kama maji yaliyooshewa dagaa, ujue ni vumbi la chuma, na hakuna rangi ya dhahabu itakayosaidia. Pikipiki mpya huchafua mafuta yake ya kwanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Vilevile apake grisi ya kutosha kwenye beringi za nyuma.

Ila nataka umtazame fundi kwa jambo moja. Binti akitoka uwanjani, fundi anazungumza na nani? Akizungumza na wewe, ondoka. Niliwahi kumwona mmoja akichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamuuliza: "Nyuma inakurusha au inakukalisha?" Mtoto hakujua jina la skrubu yoyote. Aliweka kiganja hewani, akakishusha kidogo kidogo, tuta kwa tuta, hakikupanda tena. Fundi akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya kurudi tiki mbili. Springi ilikuwa inachelewa kurudi, kila tuta linaikuta bado iko chini. Mama yake alikuwa amefungua mdomo kueleza. Fundi akamwomba, kwa adabu, akanunue soda.

*Mzee, mimi ni bodaboda, nina Boxer. Nataka na mimi nifungiwe shokapu za motokrosi, abiria wasilalamike.* – Mkali wa Buguruni, Dar es Salaam

Unapakia mishikaki na gunia la mkaa juu yake, halafu unataka shokapu ya kurukia? Zile mbili za nyuma zina kola yenye ngazi chini ya springi. Izungushe ngazi moja juu. Halafu mshushe abiria mmoja.

Wapenzi wasomaji, wiki ijayo tutajibu barua za minyororo na wakwe. Mnaoandika kuhusu shokapu, andikeni aina ya pikipiki, uwanja mnaokimbilia, na uzito wenu mkiwa mmevaa buti na kofia, mizani ikiwa imeshuhudiwa na mke, mume au jirani. Barua isiyo na kilo sitaifungua.