Piga Kelele Kabla Hujapigwa

Mchawi wangu wa kwanza aliuawa na malezi mema. Wenzake waliandika kwamba ni zimwi, na ni kweli zimwi ndilo lililoshika rungu, lakini mimi nilikuwapo na najua kilichomuua.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons: watu wazima wenye kazi na madeni wanaketi mezani, wanarusha dadu na kujifanya mashujaa. Ninaishi Minneapolis, na huku mchezo huu una wenyewe. Dave Arneson, aliyeutunga pamoja na Gary Gygax, alikuwa mtu wa pande hizi, na alikuwa akiwachezesha rafiki zake miaka kadhaa kabla haujachapishwa mwaka 1974. Msimamizi wetu, anayewachezesha maadui wote, ni mzee wa Kimarekani mwenye ndevu hadi kifuani, na huzisoma kanuni kama wasia alioachiwa na babu yake.

Mzunguko mmoja wa vita ni sekunde 6, na katika sekunde hizo kila mhusika ana riaksheni moja tu, yaani tendo la kujibu linalofanyika hata kama si zamu yake. Ukishaitumia, hairudi mpaka zamu yako ianze tena. Mchawi wangu alikuwa na uchawi uitwao Ngao. Adui akishakupata, unaongeza 5 kwenye kinga yako, na nyongeza hiyo inahesabika hata kwa pigo lile lile lililokwishakufikia. Unapigwa, halafu hupigwi. Kwenye karatasi hakuna uchawi mtamu kuliko huo.

Shida ni lini useme. Kitabu kinasema unapopigwa, ila hakimwambii msimamizi apumue wapi. Wetu hapumui. "Zimwi limepata 18, kinga yako 15, umeumia pointi 14, umeanguka, nani anafuata?" Yote kwa mkupuo. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu mkubwa hakatizwi. Unakohoa kidogo, unasogeza kiti, unasema, "Samahani mzee, naomba kusema jambo." Nilipofika kwenye "naomba", mwizi wa kundi letu alikuwa amekwishapekua mifuko ya maiti yangu. Nilieleza kwamba 15 na 5 ni 20, na 18 haifiki 20, kwa hiyo marehemu hakuguswa. Mzee akanijibu kwa upole kwamba hoja ni nzuri, ila madhara yamekwishatajwa.

Kando yangu hukaa dada mmoja wa Mombasa ambaye hajawahi kuchelewa. Anacheza malenga, na malenga amepewa silaha inayomfaa mtu wa pwani: mipasho. Adui akirusha dadu, malenga anamtupia neno la kuudhi, kisha anarusha dadu yake mwenyewe, na inachopata kinatolewa kwenye kile alichopata adui. Kwa kitabu cha 2014, ambacho ndicho tunachotumia, lazima aseme baada ya dadu kutua na kabla msimamizi hajatamka kama pigo limepata au limekosa. Mimi nafasi hiyo siioni hata nikivaa miwani. Yeye dadu haijatulia keshasimama, kiganja kiunoni: "Hilo rungu umeazimwa na nani, na mwenyewe anajua?" Mzee anaduwaa, zimwi linakosa.

"Kaka," aliniambia, "hapa hakuna shikamoo. Piga kelele, adabu utaiomba radhi baadaye."

Ushauri ni mwema, lakini unachukulia kwamba kelele zote zina wakati mmoja. Shujaa wetu mwenye ngao ya chuma akitaka kumkinga jirani yake, lazima aseme adui anaposhambulia, kabla dadu haijarushwa, ili adui arushe mbili na kubaki na iliyo ndogo. Malenga anasubiri dadu itue. Mimi nasubiri pigo lipate. Mwizi hupunguza maumivu nusu akishapatwa, na kwa kuwa ni mwizi, anataka kwanza kusikia maumivu ni kiasi gani. Pigo moja la rungu, watu wanne wamenyoosha mikono kwa nyakati nne, na zile sekunde 6 zinakula muda wa kutosha pitsa kupoa.

Kitabu cha msimamizi kina kanuni ya kukata ubishi: riaksheni huja baada ya kichochezi chake kukamilika, isipokuwa maelezo yake yaseme vingine. Safi kabisa. Ila zile tunazogombania karibu zote ndizo zenye maelezo yanayosema vingine.

Mchawi wangu wa pili alijifunza kupayuka. Mara ya kwanza alipowahi, dadu ya mzee, anayoificha nyuma ya kadibodi, ilikuwa imelala kwenye 20 tupu, ambayo hupata bila kujali kinga. Ngao ikaliwa, mbavu zikavunjika. Akahamia kwenye uchawi wa kuzima uchawi wa mwenzako, na huko nako ni yale yale. Adui aliye ndani ya futi 60 anaanza kunuiza. Ananuiza nini? Kitabu cha nyongeza cha 2017 kinasema unaweza kujaribu kuutambua uchawi huo kwa riaksheni yako, ile ile moja ambayo ungeuzimia. Ukijua huzuii, ukizuia hujui. Nikazuia. Kumbe alikuwa anawasha mshumaa. Zamu yake iliyofuata akarusha mpira wa moto, na nafasi yangu ya kufanya uchawi wa ngazi ya 3 ilikuwa imekwenda na utambi.

Tukamwomba mzee atuonee huruma, akakubali kunyamaza kidogo kila pigo linapopata. Kwa vikao kadhaa tulikuwa wafalme, mpaka alipogundua kwamba ukimya wake unatupa habari ya bure. Sasa ananyamaza kwa kila kitu. Juzi goblini mmoja alipiga chafya pangoni. Mzee akaweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja, kimya. Nikapayuka, "Ngao!" Shujaa akasema anamkinga mwizi, mwizi akasema anakwepa, malenga akamtukana goblini kuanzia pua hadi ukoo, na mzee akaandika kwamba riaksheni zote nne zimetumika. Kisha akasema mlango nyuma yetu unafunguliwa.