Sifa za Konveta ya Toki, Bingwa wa Kuteleza

Konveta ya toki hukaa kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, ikiwa na umbo la kitumbua kilichoumuka, na kazi yake kubwa ni kuteleza. Breki husifiwa kwa kushika, tairi kwa kushika, klachi kwa kushika. Konveta peke yake imepata cheo ndani ya gari kwa kutoshika, na kwa hilo pekee inastahili kusifiwa kabla ya vipuri vyenye bidii kupita kiasi.

Nasaba yake ni ya heshima. Mjerumani Hermann Föttinger, mhandisi wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, aliipatia hataza mwaka 1905 akitafuta namna ya kuunganisha turbini ya mvuke, yenye haraka, na rafadha ya meli, isiyotaka haraka. Buick iliiingiza katika magari ya abiria kwa wingi mwaka 1948, katika giaboksi iliyoitwa Dynaflow. Mwaka uliofuata Packard ikaiongezea klachi ya kuifunga isiteleze gari likiwa mwendoni. Kwa hiyo watu walilipia chombo cha kuteleza, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kulipia kifaa cha kukizuia kisiteleze.

Ndani yake mna pampu inayozungushwa na injini, turbini inayozungusha shafti ya giaboksi, na katikati yao stata. Pampu huyarusha mafuta, turbini huyapokea, na stata huyageuza yanaporudi ili yaisaidie pampu badala ya kuipinga. Kwa kuwa ni mafuta tu yanayounganisha pampu na turbini, gari la otomatiki husimama kwenye foleni likiwa kwenye gia na injini isizimike. Gari linapoanza kuondoka, stata huikuza nguvu ya kuzungusha kufikia takriban mara mbili. Ukarimu huo una gharama yake: kinachoongezeka katika nguvu hupungua katika mwendo, na katika kupokezana huko sehemu fulani hupotea ikiwa joto.

Hapo ndipo fadhila yake kuu inapodhihirika. Breki zikiwa zimekamatwa na pedali ya kuongeza mwendo imekanyagwa, turbini haizunguki, hivyo kila kilowati ya injini huishia kuyapasha mafuta ya giaboksi. Kilowati 100 kwa sekunde 10 zatosha kupandisha joto la lita 10 za mafuta hayo kwa zaidi ya nyuzi 50, yasipopozwa. Jiko la kupasha mafuta kwa kasi hiyo, tena lenye magurudumu, halipatikani kirahisi.

Sifa hizi hung'aa zaidi Marekani, kwa wenye pikapu za dizeli wanaotaka gari lilelile livute trela mlimani siku za kazi na likimbie robo maili, yaani mita 402, mwisho wa juma. Mabwana hao wawili hawapatani. Trela lataka konveta inayoshika mapema, karibu na mizunguko ambako dizeli ina nguvu zake, yaani 1,600 hadi 1,800 kwa dakika. Ikichelewa, mafuta ya giaboksi yanaungua kabla kilele hakijafikiwa. Mbio zataka konveta iliyolegea, iiache injini ipande kupita 2,000 gari likiwa bado limesimama, ili turbo kubwa ijaze hewa kabla ya taa ya kijani. Muuzaji anayetaja namba moja ya mizunguko bila kuuliza nguvu za injini hana habari: konveta ileile, ikifungwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi, huteleza hadi mizunguko ya juu zaidi.

Suluhisho la mafundi ni kuacha kubishana juu ya kuteleza na kuishughulikia klachi ya kufungia. Konveta ya kiwandani kwa kawaida huwa na sahani moja ya msuguano na kifuniko cha bati nene. Injini ikiongezewa nguvu, kifuniko hupinda, sahani haigusi sawasawa, nayo huungua. Iliyoboreshwa huwa na sahani tatu na kifuniko kilichochongwa kutoka pande zima la chuma. Stata huchaguliwa ya kushika mapema kidogo kuliko mkimbiaji apendavyo na kuchelewa kidogo kuliko mvuta trela apendavyo, hivyo wote wawili hubaki na la kulalamikia. Kipoza mafuta kikubwa na geji ya joto ni lazima kwa anayevuta mizigo. Rejeta ndogo iliyokuja na gari haikupangiwa sifa za kiwango hiki.

Unyenyekevu wake nao usisahauliwe. Haionekani wala haikaguliwi, na kuifikia ni lazima giaboksi nzima ishushwe, jambo linalowapa mafundi riziki ya uhakika. Lawama zote za gari hurundikiwa juu yake, nayo haijibu, isipokuwa kwa harufu.

Fundi mwangalifu humwonya mteja kabla ya kupokea fedha: konveta ikishaimarishwa hata isiteleze tena, kinachofuata kukatika ni shafti ya kuingiza nguvu kwenye giaboksi, nayo huuzwa peke yake.