Namna ya Kupumzika Noheli Gashonga, Ukoo Mzima Ukiwa Uani

Anayetaka kupumzika Noheli hapa Gashonga asiisubiri Noheli ifike. Apange tangu Novemba, maana mabasi ya Kigali yakishaanza kushusha watu Kamembe, ratiba ya nyumba inakuwa mali ya wageni. Watakuwa wameondoka stendi ya Nyabugogo asubuhi, wamepita Huye, wamezungushwa na kona za msitu wa Nyungwe, kisha wamepandishwa kilima kwa pikipiki. Wakitua begi, neno la kwanza ni njaa. Wote ni damu yetu na tumewangoja mwaka mzima. Kwa sababu hiyohiyo lazima pawe na utaratibu, wasije wakaondoka Januari wakamwacha mama kitandani.

Kwanza mtafute mtu asiyepumzika. Ni rahisi kumwona: hana kiti. Hesabu viti vilivyopo uani, kisha hesabu watu. Aliyebaki wima, kitenge kiunoni, mwiko mkononi, macho kwenye imbabura, jiko letu la mkaa, ndiye huyo. Kama mwaka huu kuna mkaza mwana aliyeolewa karibuni, watakuwa wawili, na huyo wa pili hathubutu hata kuegemea ukuta mawifi wakimwona. Mjomba aliyejinyoosha mkekani tangu misa iishe mwache kwanza. Tutamrudia, ana kazi yake.

Watu wa mjini husahau kwamba Desemba huku si mwezi wa mapumziko hata bila Noheli. Maharage ya msimu wa kwanza yanaanza kukomaa na kuvunwa. Yakishang'olewa yanataka jua, na mvua za mwisho wa mwaka hazimwulizi mtu kama ameyaanika. Juu ya hayo kuna ubatizo, kuna harusi, kuna kwenda kuposa kwa jirani. Kwa hiyo mama anayekupokea kwa tabasamu tarehe 24 ametoka shambani saa moja iliyopita. Mpe pole yake kabla hujaomba chai.

Halafu kuna isombe. Hakuna mtoto wa Gashonga anayerudi nyumbani asiitamani, na hakuna chakula kinachokula saa za mtu kama hicho: kuchuma majani ya muhogo, kuyatwanga mpaka yalainike, kuyachemsha kwa saa kadhaa, ndipo yaungwe. Sheria ya mwongozo huu ni kwamba anayeitamani aitwange. Hapa ndipo mjomba anapoinuliwa mkekani kwa heshima zote. "Mjomba, kinu kinakuita." Ana mikono yenye nguvu, na watoto wadogo watafurahi kumwona akitoka jasho. Ndugu aliyebaki Kigali kwa sababu ya kazi asidhani amepona. Atume MoMo mapema, fedha za kumlipa kijana wa jirani apande na madumu ya maji kutoka bombani, na za kununua mchele wa Bugarama uliokwisha kuchambuliwa mawe. Salamu za Noheli kwenye simu ni nzuri, lakini haziteki maji.

Waswahili walikwisha kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku kwetu kalenda yenyewe inalileta jembe hilo. Umuganda, kazi yetu ya pamoja, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na Jumamosi ya mwisho ya Desemba haina pa kuangukia isipokuwa kati ya tarehe 25 na 31, wageni wakiwa bado wapo. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano, kila mwenye nguvu, wa miaka 18 hadi 65, anatoka: mifereji inazibuliwa, barabara inafukiwa mashimo, maduka yamefungwa. Mimi naushangaa sana umuganda. Watu walewale wasioweza kukubaliana ni nani aoshe sufuria wanakubaliana, kilima kizima, kuacha shughuli zao kwa wakati mmoja na kushika kazi moja. Uwezo tunao basi. Uwezo huo ukipita mlangoni kwetu ukaingia jikoni, mama atapumzika.

Fanyeni hivi. Siku hiyo, mkutano wa mtaa unaofuata umuganda ukiisha, msitawanyike. Rudini na majembe yenu, nawieni mikono, mfanye umuganda wa pili uani: wanaume maji na kuni, vijana viazi na ndizi, watoto kupura maharage. Mama na mkaza mwana wasishike kitu hadi jioni. Mlivyoipa barabara saa zenu, wapeni na wao.

Sasa ugumu wenyewe. Mama atakataa. Ataketi dakika mbili, atasikia harufu ya kitu kinachoungua, atainuka. Msimlaumu. Anaogopa kuambiwa na majirani kwamba wageni walikuja kwake wakajipikia, na kwenye vilima vyetu maneno ya namna hiyo hukaa miaka. Kumwambia "pumzika, mama" hakutoshi. Shangazi mkubwa, yule anayeheshimiwa na wote, asimame mbele ya ukoo na majirani aseme wazi kwamba leo mwenye nyumba ndiye mgeni: ataandaliwa wa kwanza, atapewa kiti chenye mto, na atakayemwita jikoni ataosha vyombo vyote. Likisemwa hadharani na mkubwa, aibu inahama, na anayetazamwa ni yule aliyekaa tu. Wali ukitoka mbichi, uleni. Ukikosa chumvi, uleni vilevile mkausifu.

Kuna mapumziko madogo ambayo mila imetuachia, nayo yanafaa kutunzwa. Mgeni akiondoka hatuagani mlangoni. Tunamsindikiza, hatua nyingi, wakati mwingine hadi barabarani. Mwacheni mama amsindikize kila anayeondoka, peke yake, bila mtoto mgongoni wala kapu la sokoni. Akirudi taratibu, akiketi kwenye nyasi kutazama chini bonde la Bugarama, asipigiwe simu kuulizwa chumvi iko wapi.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inampa mwajiriwa siku 18 za kazi za likizo kwa mwaka. Kijana wa ofisini amekata chache kati ya hizo ili aje kula Noheli kwa mama yake. Mama huyo hana fomu ya kuomba likizo wala bosi wa kuisaini. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika, na wapishi hawakutolewa humo. Bosi wa kuisaini likizo ya mama ni sisi watoto wake, na Ubunani, yaani Mwaka Mpya, haujafika bado.

Kwa hiyo wewe unayekata tiketi ya Kamembe, mpigie simu leo. Mtajie siku ambayo hatapika, na jina la atakayepika badala yake. Kama jina hilo ni lako, beba na aproni.